Jua la Saa Sita ya Usiku

Sisi tukaao karibu na Ikweta tumezoea jambo moja hata hatulifikiri tena. Jua huchomoza, na baada ya saa kumi na mbili hivi hutua. Kisha usiku nao huwa kama saa kumi na mbili. Ndiyo sababu Waswahili huhesabu saa kwa jua. Likisha kuchomoza kwa muda wa saa moja, husema ni saa moja. Likisha kutua, huanza hesabu upya. Je, tungehesabuje kama jua lingekataa kutua? Sikilizeni habari zangu.

Mwaka 1975, nilipokuwa mwanafunzi, nalikwenda kusoma kwa muda wa miezi miwili katika mji wa Tromsø, katika nchi ya Norwe, mbali sana kaskazini mwa Ulaya. Mji huo umejengwa kisiwani, na daraja refu lililofunguliwa mwaka 1960 lauunganisha na bara. Nalifika mwezi wa Juni. Naliona milima yenye theluji vileleni, na watoto wakicheza mpira njiani. Nikamwuliza mwenyeji wangu, "Watoto hawa hawaendi shule leo?" Akacheka, akasema, "Sasa ni saa tano ya usiku."

Chumbani mwangu mlikuwa na mapazia mazito. Wahenga husema macho hayana pazia. Lakini huko, mtu asiye na pazia dirishani hapati usingizi. Mimi nalidharau, nikayaacha wazi. Siku mbili sikulala vema. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nikalala kwa uchovu. Nilipoamka nikatazama saa: ilikuwa saa tatu, na jua lilikuwa likiwaka. Nikadhani ni asubuhi, nami nimechelewa. Nikakamata vitabu, nikakimbia hata shuleni bila kunawa uso. Milango ilikuwa imefungwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita aliniambia kwa upole ya kuwa ni saa tatu ya usiku. Nikarudi polepole kwa aibu.

Usiku ule ule nikamwandikia baba yangu, mvuvi wa Pangani, nikamweleza ya kuwa nimefika nchi isiyo na usiku. Baada ya majuma kadhaa nikapata majibu yake: "Mwanangu, nimekuwa baharini tangu utoto wangu, wala sijaona jua lisilotua. Barua yako nimewasomea wazee, nao wamecheka. Njia ya mwongo ni fupi. Je, umekwenda huko kujifunza elimu, au kujifunza uongo?"

Maneno hayo yalinichoma moyo. Kuapa kusingefaa kitu, maana mwongo naye huapa. Nikaona heri nimweleze sababu, ajionee mwenyewe. Nikamwandikia hivi:

"Baba, shikamoo. Twaa chungwa, ulichome kijiti toka juu hata chini. Hilo ndilo dunia. Chomeka pini moja katikati ya chungwa. Hapo ndipo nchi yetu. Chomeka pini ya pili juu, karibu na kijiti. Hapo ndipo nilipo mimi. Washa taa gizani, iwe ndiyo jua. Sasa usikisimamishe kijiti wima, bali ukiinamishe kidogo, ncha ya juu ielekee taa. Kisha lizungushe chungwa polepole."

Nanyi, wasomaji, fanyeni vivyo hivyo, mtaona ajabu. Pini ya katikati huingia nuruni, kisha gizani, kisha nuruni tena: ndio mchana na usiku wetu. Lakini pini ya juu hubaki nuruni, hata mkizungusha mara ngapi. Dunia nayo imeinama kadhalika, kwa kadiri ya digrii 23 na nusu. Mwezi wa Juni upande wa kaskazini huelekea jua. Basi huko Tromsø jua halitui tangu katikati ya Mei hata karibu na mwisho wa Julai. Huzunguka mbinguni, na saa sita ya usiku huwa chini, upande wa kaskazini, kisha hupanda tena.

Pengine mtauliza, "Mbona basi kuna baridi?" Ni kwa sababu jua la huko halipandi juu ya utosi kama la kwetu. Miali yake huja kwa mshazari, ikatawanyika mahali papana, na joto lake huwa haba. Hata hivyo bahari ya Tromsø haigandi, maana mkondo wa maji ya vuguvugu hutoka kusini na kupita pwani ile.

Sasa pelekeni chungwa upande wa pili wa taa, wala msibadili mwinamo wa kijiti. Pini ya juu imeingia gizani, nayo haitoki. Ndiyo hali ya Desemba. Tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi Tromsø. Adhuhuri huwa na mwanga hafifu kama wa alfajiri, na watoto huenda shule kwa mwanga wa taa. Tarehe 21 Januari husherehekea kurudi kwa jua, wakila maandazi kwa furaha. Nikafahamu kwa nini watu wale hawakutaka kulala mwezi wa Juni: walikuwa wakijiwekea nuru, kama sisi tuwekavyo ng'onda kwa siku za njaa.

Kabla sijarudi nalipata barua ya pili. Baba aliandika: "Tumefanya kwa chungwa na taa mbele ya wazee wale wale, na sasa hawacheki. Mimi nimekosa kukuita mwongo. Lakini funga mapazia, mwanangu, ulale. Mtu asiyelala huugua."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Mkisikia neno geni kutoka nchi ya mbali, msifanye haraka kulikataa, wala msilipokee bure. Ulizeni sababu yake.

Maswali
1. Kwa nini mwandishi alikwenda shuleni usiku?
2. Eleza kwa chungwa na taa sababu ya giza la Desemba.
3. Kwa nini jua la Tromsø halina joto jingi?