Kusomea Ualimu wa Michezo si Kusomea Kucheza

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi wenye kijana aliyemaliza kidato cha nne au cha sita, naye anasema: "Mimi nataka kusomea ualimu wa michezo." Katika familia nyingi neno hilo hupokewa kwa kicheko, au kwa hasira. Baba huuliza: "Tumeuza kahawa ili ukasomee mpira?" Mama hunyamaza, maana mtoto wa jirani amekwenda kusomea uuguzi. Wasiwasi huo tunauelewa. Ada haiokotwi njiani. Lakini kabla ya kumkatalia kijana, yafaa tujue kazi anayoitaka ni kazi gani, na inahusu nini afya ya watoto wetu.

Je, watoto wetu wanahitaji mazoezi?

Wengine husema: "Mtoto wa kijijini anachota maji, analima, anapanda milima. Mazoezi ya nini tena?" Ni kweli, kazi hutia nguvu. Lakini kubeba mzigo mzito hakumfundishi mtoto kupumua vizuri, kunyoosha viungo, kuogelea, wala kushirikiana na wenzake. Na maisha yanabadilika. Wapo wanafunzi wanaokaa bwenini na kushinda darasani, wapo wanaopelekwa shule kwa pikipiki, na simu inawakalisha wengi. Kisukari na shinikizo la damu havipo mijini tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za mazoezi ya kutosha kuharakisha moyo na pumzi.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kuliandika. Ngoma ya mganda, kioda ya akina mama na lizombe ya Wangoni ni mazoezi ya mapafu, miguu na moyo. Shuleni nako wengi wetu tunakumbuka mchakamchaka wa alfajiri. Mwalimu aliyefundishwa vizuri hazitupi ngoma hizo, bali huziingiza katika somo lake.

Kipindi bila mwalimu

Mnamo mwanzo wa miaka ya 2000 mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, kisha yakarudishwa. Mtaala wa mwaka 2005 ulileta shule za msingi somo la Haiba na Michezo, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Kwa hiyo kipindi kipo kwenye ratiba. Mara nyingi kinachokosekana ni mwalimu aliyesomea.

Asipokuwapo, tunajua kinachotokea. Darasa la watoto sitini hupewa mpira mmoja. Wavulana ishirini na wawili wanacheza, wengine wanakaa chini ya mwembe. Wasichana wanatumwa kufagia. Mtoto mnene, mlemavu au mgonjwa hajali mtu kama yupo. Baya zaidi, mazoezi hugeuzwa adhabu: aliyechelewa apige pushapu, aliyefeli aruke kichurachura. Mtoto akizoea kwamba mazoezi ni adhabu, atayachukia hata akiwa mtu mzima.

Chuoni hufundishwa nini?

1. Mwili wa binadamu. Mwanafunzi hujifunza mifupa, misuli, moyo na mapafu, na namna mtoto anavyokua. Hujua kwamba mtoto wa miaka saba si mtu mzima mdogo, na kwamba mwili hupashwa moto kabla ya mazoezi na kupoozwa polepole baadaye.

2. Kupanga somo. Hujifunza kuwagawa watoto sitini katika vikundi ili wote wacheze, hata kwa mipira ya matambara na kamba za katani. Kisha huenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, akisimamiwa na wakufunzi.

3. Watoto wenye mahitaji ya pekee. Mwenye ualbino afanye mazoezi asubuhi au kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu. Mwenye selimundu anywe maji mara nyingi, apumzike anapochoka, asikimbizwe kwa lazima. Mwenye pumu awe na dawa yake karibu. Mwenye kifafa acheze na wenzake, lakini asiingie majini peke yake wala kupanda mahali pa juu. Msichana aliye katika hedhi asiaibishwe wala kulazimishwa.

4. Huduma ya kwanza. Mguu ukiteguka, mtoto apumzishwe, awekewe kitambaa chenye maji baridi, afungwe bandeji isiyokaza mno na mguu uinuliwe. Siku ya kwanza usimkande kwa maji ya moto wala kumvuta mguu. Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku ile. Akitapika, akisinzia ovyo au akichanganyikiwa, apelekwe hospitali mara moja. Aliyezidiwa na jua apelekwe kivulini, alowanishwe maji na kupepewa, na anywe maji ikiwa ana fahamu zake.

5. Adabu ya kazi. Mwalimu huyu hugusa mwili wa mtoto anapomwonyesha zoezi. Hivyo yampasa kujua mipaka, kufanya kazi mbele ya watu, na kumheshimu kila mtoto.

Milimani na ziwani

Kitai ni mahali pa kufikiria vizuri jambo hili. Hapa barabara ya kutoka Songea huendelea kwenda Mbinga, na nyingine huchepuka kuelekea Lituhi ziwani. Mwalimu aliyelelewa hapa anaweza kupangiwa shule ya milimani Umatengo, penye baridi na miteremko mikali, au shule ya ufukweni, ambako watoto huingia majini kabla ya kujua kusoma. Kwa sababu hiyo elimu ya nje ya darasa ni sehemu ya kazi yake: kusoma njia na hali ya hewa, kutembea kwa kikundi bila kumwacha mtu nyuma, kuvuka barabara, kuwa salama majini. Elimu hiyo si ngeni Afrika Mashariki. Shule ya Outward Bound ya Loitokitok nchini Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianza kuwafundisha vijana namna hiyo katika miaka ya 1950.

Kwa watu wa Ziwa Nyasa, hili ni jambo la uhai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi wao walikuwa watoto na vijana. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuzuia vifo vya namna hiyo. Huko Nungwi, Zanzibar, wasichana wamefundishwa kuogelea na kuokoa na walimu wa kike, wakiwa wamevaa nguo za kuwasitiri. Ikiwa imewezekana Nungwi, itawezekana hata kwetu.

Hata kabla ya kumpata mwalimu, kila familia ikumbuke haya. Ukimwona mtu anazama, usijitupe majini kama hujafundishwa. Piga kelele, mrushie kamba, dumu tupu lililofungwa, au mnyooshee kasia. Akitolewa naye hapumui, apuliziwe pumzi kinywani na kukandamizwa kifua bila kuchelewa, huku mwingine akitafuta msaada. Kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke hakumsaidii, kunapoteza muda wa kumwokoa.

Njia ya kufika

Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kinajulikana tangu zamani kwa kuwafundisha walimu wa michezo, muziki na sanaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutoa shahada ya ualimu katika elimu ya michezo, na shahada ya ualimu kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, wilayani Kwimba, hufundisha hasa makocha na viongozi wa michezo. Anayetaka kuajiriwa kama mwalimu wa shule aulize kwanza kama cheti atakachopata kinamruhusu kufundisha.

Kutoka Kitai hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja. Basi nauli, mavazi na viatu vya michezo viingie katika hesabu pamoja na ada. Kwa shahada, kijana aombe mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tena asiache Baiolojia, maana somo la mwili ndilo msingi wa kazi hii, na achague somo la pili la kufundisha, kwa kuwa mkuu wa shule humpenda mwalimu anayeweza kushika vipindi viwili. Masharti ya kujiunga hubadilika, hivyo ayasome upya mwaka anaotaka kuomba.

Msiwacheke wasichana wanaoitaka kazi hii. Shule yenye mwalimu wa kike wa michezo huwaona wasichana wengi zaidi wakitoka chini ya mwembe na kuingia uwanjani.

Wazazi, katika kikao kijacho cha shule ulizeni mambo matatu: Je, kipindi cha michezo kinafundishwa kweli? Je, kuna sanduku la huduma ya kwanza, na nani anajua kulitumia? Je, mazoezi bado yanatumiwa kama adhabu? Mkiyapata majibu, mtajua kama yule kijana wenu anaomba kucheza, au anaomba kazi ambayo shule yenu imeikosa kwa muda mrefu.