Rafiki wa Kwenye Gemu: Namna Wachezaji Wanavyounganishwa na Namna ya Kumtambua Unayecheza Naye

Vijana wa Nkanka wana jamaa na marafiki pande zote za Ziwa Kivu. Yupo aliyesoma Kamembe na mwenzake sasa anaishi Bukavu. Yupo mwenye binamu Ijwi. Yupo ambaye kaka yake amehamia Ubelgiji. Zamani ili wakutane walihitaji mtumbwi, nauli na karatasi za mpakani. Siku hizi zinatosha televisheni, mashine ya PlayStation au Xbox, na kifurushi cha intaneti. Saa za huku ni zile zile za Bukavu. Wakiagana kukutana saa mbili usiku, saa mbili wapo uwanjani, kila mmoja na timu yake.

Hatuna ugomvi na mchezo huo. Tunaandika kwa sababu ya swali ambalo wazazi hutuuliza tunapokutana nao baada ya Umuganda: mtoto anazungumza na nani chumbani, mbona namsikia akicheka na hakuna mgeni aliyeingia? Hilo ni swali la haki, na haliwezi kujibiwa na mtu asiyejua mambo yenyewe yanavyokwenda.

Kila anayetumia mashine hizi hufungua akaunti, na akaunti hupewa jina la mchezoni. Katika PlayStation jina hilo huwa na alama 3 hadi 16, wala halilazimiki kufanana na jina ambalo mtu alipewa na wazazi wake. Katika Nintendo Switch rafiki hutafutwa kwa tarakimu 12 zinazotanguliwa na herufi SW. Anayetaka urafiki huandika jina au tarakimu za mwenzake na kutuma ombi, na yule mwingine hukubali, hukataa au hulipuuza. Ombi likikubaliwa, kila mmoja huingia katika orodha ya mwenzake, na tangu hapo kila mmoja anaweza kuona ni lini mwenzake amewasha mashine na anacheza nini, isipokuwa kama amejificha. Orodha ya PlayStation hubeba hadi marafiki 2000. Tarakimu hiyo pekee inaonyesha jinsi neno “rafiki” lilivyopanuliwa humo. Hatumjui mtu katika tarafa yetu mwenye marafiki elfu mbili.

Baada ya orodha huja kikundi cha sauti. Mchezaji mmoja hukifungua, huwaita wenzake, na wote huzungumza kupitia kipaza sauti huku wakicheza. Kicheko kinachosikika chumbani hutoka huko. Mwisho huja mwaliko wa mechi yenyewe, ambao hutumwa kutoka ndani ya mchezo.

Wengi hukwama wenzi wanapokuwa na mashine tofauti. Kwa miaka mingi mwenye PlayStation hakuweza kukutana na mwenye Xbox. Mnamo Septemba 2018 mlango ulianza kufunguliwa kupitia mchezo wa Fortnite, na mwaka 2022 FIFA 23 nayo ikaruhusu mechi za namna hiyo. (Mchezo huo ulibadilishwa jina mwaka 2023 ukawa EA Sports FC, ingawa vibandani bado wanauita FIFA.) Kwa mechi za mashine tofauti, kila mchezaji huwa na akaunti nyingine ya kampuni ya mchezo, yaani EA au Epic Games, na rafiki hutafutwa kwa jina la akaunti hiyo. Anayelitafuta jina la PlayStation ndani ya Xbox atamaliza jioni yake bure.

Kuna pia tatizo la mtandao. Marafiki wamekubaliana, majina yanaonekana, lakini sauti haisikiki au mechi haifunguki. Mara nyingi sababu ni intaneti ya simu: kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, mfano wa mtaa mzima unaotumia sanduku moja la posta, na ujumbe unaotoka nje haujui mlango wa kugonga. Ingieni katika mipangilio ya mashine, sehemu ya mtandao, mpime muunganisho. Ikionekana aina ya 3 katika PlayStation, jaribuni mtandao mwingine, au mwachieni mwenye laini iliyo bora awe ndiye anayefungua mechi na kuwaita wengine.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi tunaoishi mpakani. Anayevuka Rusizi I au Rusizi II huonyesha kitambulisho, na afisa humtazama usoni. Maneno ya wachezaji hayapiti darajani. Husafiri hadi kwenye mitambo iliyo mbali kisha hurudi, na katika safari hiyo hakuna anayeuliza mtu ni nani. Mtu anaweza kutia neno Bukavu katika jina lake la mchezoni ilhali hajawahi kuiona Bukavu. Anaweza pia kuwa na miaka arobaini na kujiita mwanafunzi.

Hata jina unalolijua kweli linaweza kuwa mikononi mwa mwingine. Akaunti ikiibwa, jina na orodha ya marafiki hubaki vilevile. Mtu ndiye hubadilika. Tuchukue mfano. “Binamu” yako anakuandikia kwamba simu yake imeharibika, na anaomba umtumie tarakimu zilizoingia punde hivi kwenye simu yako. Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti yako wewe, na ukizitoa umemkabidhi mwizi nyumba. Au anaomba umtumie pesa kwa simu anunulie kadi ya mchezo. Mwambie afungue kipaza sauti azungumze. Akikwepa, mpigie binamu yako kwa namba unayoijua tangu zamani kabla hujatuma chochote.

Hatari kubwa zaidi huja polepole. Mgeni hucheza na mtoto kwa wiki kadhaa, humsifu, humpa zawadi za mchezoni, kisha huhamisha mazungumzo kwenye WhatsApp. Huomba picha. Baadaye huja ahadi: majaribio ya timu ya mpira, kazi, pedi mpya, “vuka tu uje uichukue, usimwambie mtu.” Sharti la siri ndilo la kulitilia maanani kuliko ahadi yenyewe. Makosa ya kimtandao yanashughulikiwa na Sheria Na. 60/2018 ya 22/08/2018, na biashara haramu ya binadamu na Sheria Na. 51/2018 ya 13/08/2018. Hata hivyo tungependa kuitwa mtoto angali nyumbani.

Urafiki wa mchezoni ulio salama huanzia nje ya mchezo. Watu hupeana majina ana kwa ana au kwa simu, ndipo ombi hutumwa. Katika mipangilio ya faragha mnaweza kuchagua ni nani aruhusiwe kutuma ombi na nani aruhusiwe kuandika ujumbe. Washeni uthibitisho wa hatua mbili. Anayecheza kibandani atoke katika akaunti yake kabla ya kuinuka kitini. Tunajua wengi husahau wanapofungwa bao la dakika za mwisho.

Akaunti ya mtoto iandikwe tarehe ya kuzaliwa ya kweli. Mtoto aliyejiandika kuwa amezaliwa mwaka 1990 ametambuliwa na mashine kuwa mtu mzima, na kufuli zote za wazazi hazimhusu. Isitoshe, akaunti ikipotea, kampuni huuliza maelezo yale yale ya mwanzo, na aliyeyabuni huwa amekwisha kuyasahau.

Enyi wazazi, ketini jioni moja karibu na mtoto, mwombeni awasomee orodha yake ya marafiki, jina kwa jina: huyu ni nani, mlijuana wapi? Msianze kwa kumnyang'anya mashine. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa adhabu hiyo tu, na anayewavizia analijua hilo.

Likitokea jambo, msifute mazungumzo. Pigeni picha ya skrini, mwandike tarehe na saa, kisha ndipo mmzuie mtu huyo. Piga simu 112 kwa polisi au 166 kwa Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, RIB. Simu zote mbili hazilipiwi. Mkija kituoni, leteni na mashine au simu yenyewe. Tangu mwaka 2019 mtu anaweza kubadilisha jina lake la PlayStation, lakini akaunti iliyo chini ya jina hubaki ile ile, nayo ndiyo wapelelezi huitafuta.