MFICHA MARADHI: SIRI YA FLASHI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka jana flashi ya chama chetu ilikufa ghafla, ikaenda na insha zote za jarida. Jana yake ilikuwa salama salimini! Nilibaki mdomo wazi. Nikamwendea mwalimu wa kompyuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Ndani ya flashi mna chipu iitwayo NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa kampuni ya Toshiba, Japani, waliitangaza mwaka 1987. Chipu hiyo imegawanywa katika bloku, na kila bloku ina kurasa zake. Kuandika ni ukurasa kwa ukurasa, lakini kufuta ni bloku nzima kwa mpigo. Kila ifutwapo, bloku huchakaa kidogo. Ajabu ni kwamba hata chipu mpya hutoka kiwandani ikiwa na bloku mbovu kadhaa. Haitupwi, bloku hizo hutiwa alama tu.

Hebu fikiria bweni letu. Vitanda vibovu vimetiwa chaki, hakuna ruhusa ya kulala hapo. Vichache vizima vimewekwa akiba. Kitanda kikianza kulia kwi! kwi!, kiranja humhamisha mwenyewe hadi kwenye kitanda cha akiba, kisha hubadilisha daftari lake. Chipu nayo ni vivyo hivyo. Bloku ikikataa kufutwa au kuandikwa, maandishi yake huhamishiwa bloku nzima, ile mbovu hutiwa alama, na orodha hurekebishwa. Pia kuna hesabu maalum za kugundua na kusahihisha makosa madogo wakati wa kusoma. Makosa yakizidi, maandishi huhamishwa mapema.

Je, kiranja ni nani? Kuna mifumo ya faili inayoifanya kazi hii yenyewe, kama YAFFS ya Charles Manning wa New Zealand, iliyotokea mwaka 2002. UBIFS, iliyoingia katika Linux mwaka 2008, huiachia programu iliyo chini yake iitwayo UBI. Lakini katika flashi tunazobeba mfukoni, kiranja ni chipu nyingine ndogo humo humo ndani. Kompyuta haioni lolote. Huambiwa kila kitu ni shwari.

Hapo ndipo penye hatari, ndugu zanguni. Akiba ikiisha, flashi nyingine hukubali kusomwa tu, nyingine huzima kabisa. Na kiranja mwenyewe akifa, daftari hupotea naye, hata kama vitanda vingi bado ni vizima. Flashi haikohoi wala haipigi homa.

Insha tuliziandika upya. Lakini mashairi mawili ya Kidato cha Nne hayakupatikana tena. Wenyewe walikuwa wameshamaliza shule, na nakala hakuna. Basi mwenzangu, ukiandika kitu cha maana, kiweke mahali pawili. Akiba haiozi.