Je, Wajua? "Salome" una asili ya Kagera

Je, wajua kuwa "Salome", wimbo wa Diamond Platnumz na Rayvanny uliotikisa YouTube mwaka 2016, una asili yake mkoani Kagera?

Wimbo wa awali ni "Maria Salome" wa Saida Karoli, binti wa Kihaya kutoka mkoa huo, uliotoka mwaka 2001. Wengi waliuita "Chambua kama Karanga". Saida aliimba kwa Kihaya kwa mdundo wa ngoma za kwao, wakati Bongo Fleva ikipanda chati mijini. Hata hivyo kaseti zake zilipigwa nchi nzima, kwenye mabasi, kumbi na harusi, na zikavuka mpaka hadi Uganda. Kule Bweranyange mkoani Kagera, makao ya kale ya watawala wa Karagwe, wasikilizaji hawakuhitaji mkalimani, kwani Kinyambo cha huko na Kihaya ni lugha ndugu.

Miaka ikapita, jina la Saida likafifia. Septemba 2016 Diamond akautoa upya "Maria Salome" kwa midundo ya kisasa. Video yake ikatazamwa mara mamilioni, na vijana waliokuwa wachanga mwaka 2001 wakaanza kuutafuta wimbo wa kwanza mtandaoni. Mwaka 2017 Saida mwenyewe akarudi na "Orugambo".

Kipaji cha Saida kilikuwepo tangu mwanzo. Intaneti ilimrudishia wasikilizaji. Basi ukiucheza "Salome", usikilize na "Maria Salome", na umtaje Saida Karoli kwa jina. Ni haki yake.