Rafu ya Vitabu Visivyo na Mgongo

Ukiingia sebuleni kwa watu wengi huku kwetu Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Buhongwa na kuendelea mpaka njia panda ya Usagara, wa kwanza kukupokea ni kabati la vyombo. Lina vioo, lina kufuli, na ndani yake kuna vikombe vilivyoletwa siku ya harusi na ambavyo tangu siku hiyo havijaonja chai. Juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, na juu ya maua, ukutani, kalenda ya parokia. Sasa uliza vitabu viko wapi. Viko uvunguni, ndani ya tranka la shule. Viko juu ya friji, vimelaliwa na chaja za simu. Vingine viko kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya mlango, vinangoja siku tutakayohamia kwetu.

Vyangu navyo vilingoja. Nimepanga chumba na sebule hapa Usagara, wilayani Misungwi, pale barabara itokayo Mwanza inapogawanyika, moja ikashika Shinyanga na nyingine ikaelekea Kigongo. Vitabu vimehama nami nyumba tatu ndani ya maboksi ya sabuni, na mara mbili nimenunua kitabu nilichokuwa nacho tayari kwa kuwa sikumbuki kiko boksi gani. Mwaka jana nikaona aibu imezidi. Nikaamua vitapata ukuta wao hata kama nyumba si yangu.

Kosa la kwanza lilikuwa kufuata picha za kwenye simu. Unazijua: sebule nyeupe, ubao mrefu umepita ukuta mzima, vitabu vimesimama vimegeuza migongo mbele, vyekundu na vyekundu, vya kijani na vya kijani, kama upinde wa mvua. Wapo hata wanaogeuza migongo ielekee ukutani ili zionekane kingo za karatasi tu, rangi ya maziwa. Hao sina la kuwaambia. Mtu anayeficha jina la kitabu kwa ajili ya urembo angenunua tu vigae. Lakini hilo la upinde wa mvua nililijaribu. Nikapanga jioni nzima, nikarudi nyuma hatua tatu (ya nne ni mlango), nikatazama. Sikuona kitabu hata kimoja.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa kwa nini. Vitabu vya kwenye zile picha ni vinene, mgongo wake unaandikika jina la mwandishi na la mchapishaji na bado ikabaki nafasi ya picha ya ndege. Vyetu vingi ni vyembamba. Hadithi ya kurasa 60, tamthilia ya kurasa 80, diwani, vitabu vya watoto: vimebanwa kwa pini mbili katikati, na mgongo wake ni mwembamba kama ukucha. Haukuandikwa kitu kwa sababu hakuna pa kuandika. Ukivisimamisha 40 kwa mstari unapata kitu kama rundo la madaftari ya darasa la nne. Vitabu hivi havina mgongo. Vina uso, na uso huo ndio mchoraji alioutolea jasho.

Anayelijua jambo hili kuliko wapambaji wote wa kwenye simu ni muuza vitabu wa kando ya barabara. Mtazame pale mjini anapotandaza turubai asubuhi. Hajawahi kupanga kitabu kwa mgongo. Kila kimoja kimelala uso juu, na mpita njia anasoma duka zima bila kuinama. Kilichonibakia ni kulichukua lile turubai na kulisimamisha ukutani.

Namna yake ni rahisi. Badala ya ubao mpana, unatumia ubao mwembamba wa sentimita saba au nane kina chake, unapigilia fito mbele kama ukingo, na kitabu kinasimama humo kikiegemea nyuma, uso kwako. Kitabu cha kawaida cha hadithi kina upana wa sentimita 15, kwa hiyo mita moja inabeba sita. Mistari mitatu, vitabu 18. Vyote hivyo vinakaa mahali ambapo kabati lisingeingia: kile kipande cha ukuta kati ya mlango na dirisha, au nyuma ya mlango wenyewe, kwa kina kilicho kidogo kuliko kiganja. Vilivyobaki vinasimama kwenye rafu ya kawaida chini, na kila mwezi nabadilisha: hawa wanapanda jukwaani, wale wanashuka kupumzika. Sijanunua picha ya kutundika tangu hapo.

Kwa ile rafu ya kawaida nilikwenda kwa fundi seremala wa hapa njia panda. Huniita mwalimu ingawa sijawahi kushika chaki, kwa kuwa aliniona na maboksi. Nilimwambia nataka ubao mmoja wa mita mbili bila nguzo katikati, kama kwenye picha. Akacheka.

"Mwalimu, hiyo itakuwa bembea."

"Si ni karatasi tu?"

"Karatasi ni mti, mwalimu. Umeshawahi kubeba mti?"

Nilienda nyumbani nikapima. Kitabu cha kurasa 200 kina uzito wa robo kilo hivi na unene wa zaidi kidogo ya sentimita moja. Ubao wa sentimita 80 unaingiza kama 60, yaani kilo 15, na hapo hujaweka kamusi wala Biblia. Tena kupinda hakuendi kwa hesabu ya kawaida. Mzigo ukisambaa sawasawa na ubao ukirefushwa mara mbili, haupindi mara mbili. Unapinda mara 16. Ndiyo maana rafu fupi ya jirani imenyooka miaka kumi na ile ndefu ya ofisini imetabasamu ndani ya mwaka. Kwa mbao ya paini ya inchi moja, ambayo ikitoka kwenye randa inabaki robo tatu, usivuke sentimita 80 bila nguzo. Chipbodi, ile ya unga wa mbao uliogandishwa, iishie 60, na maji ya kudekia yasiiguse.

Mbao ya moja kwa nane inatosha kabisa kwa kina. Vitabu vya hadithi vitabakiza nafasi, vya shule vya ukubwa wa A4 vitachungulia nje kidogo, hakuna ubaya. Acha sentimita 25 kati ya ubao na ubao, isipokuwa ule wa chini kabisa, uupe 33 kwa vile vikubwa. Mninga ni mzuri na mimi ningeupenda, ila mfuko ulikuwa na maoni tofauti. Paini haitupi kisogo huku ziwani: kuna shamba la miti la Buhindi kule Buchosa na la Rubya kisiwani Ukerewe, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, mzigo unaotoka ng'ambo unavuka zile kilomita tatu za Kigongo na Busisi bila kungoja kivuko.

Kisha kuna mwenye nyumba. Mkataba wangu unasema ukuta usitobolewe, na mama mwenye nyumba anazijua tundu zake zote kwa idadi. Wenzetu wa pwani walilimaliza jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 utaona zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa ndani ya ukuta wenyewe, mwenye nyumba akiweka humo sahani zake za kauri na vitu vyake vya thamani. Lakini ukuta wa matumbawe una unene wa nusu mita hivi. Wangu ni wa bloku ya inchi sita. Nikichimba kishubaka nitatokea kwa jirani.

Fundi akanitengenezea kitu kama ngazi: miti miwili imesimama sakafuni na kuegemea ukuta, zile mbao zenye fito zimepigiliwa humo kama vipawa. Haina tundu hata moja. Nimeifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha, kwa sababu mtoto akiona ngazi hafikirii vitabu, anafikiria kupanda. Siku nikihama nitaibeba begani.

Ile rafu kubwa iko juu ya vipande vya bloku na imeachana na ukuta kwa upana wa vidole vitatu. Hapo nilibishana na shemeji, aliyetaka ibanane na ukuta ipendeze. Mchwa hapendi mwanga. Anajenga njia yake ya udongo kutoka sakafuni, na rafu iliyobanana na ukuta inamfichia kazi mpaka siku utakayovuta kitabu na kubaki na jalada. Ukiacha mwanya, unaiona njia ikiwa bado ya urefu wa kidole, unaivunja na kupiga dawa. Miguu nimeipaka oili chafu ya gereji, dawa ya wazee. Inanuka wiki mbili, inasaidia. Mwanya huohuo unapitisha hewa wakati wa mvua, majalada yanapoanza kuota ukungu. Walio karibu zaidi na maji wana mtihani mwingine, wale vijidudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufia penye taa. Kwao ushauri wangu ni mmoja: taa isikae juu ya vitabu.

Ndipo sasa mapambo. Pale Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, kuna banda la vitu vya watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Nililiona nikiwa shule ya msingi na nikadhani ni mzaha. Siku hizi nalielewa: nyumba imechukua sura ya kinachokaa ndani yake. Rafu ya vitabu vyembamba nayo iwe nyembamba. Nina kibuyu kimoja cha maziwa cha bibi, na karabai iliyowahi kuvua dagaa kabla ya taa za sola, basi. Kitambaa cha kufuma alichonipa mama nimekitandika juu kabisa, maana kitambaa cha mama hakikataliwi, ila nimekataa maua.

Mahali pa heshima, urefu wa macho, nimewapa watu wa Ukerewe. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, yuko kwa uso: *Rosa Mistika* ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, na ndiyo ambayo wageni huinyakua kwanza. Aniceti Kitereza peke yake ana haki ya kusimama kwa mgongo, maana hadithi yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ni juzuu mbili nene. Aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitia Kiswahili mwenyewe, na ikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka 35 ya karatasi kungoja kuchapwa, pamoja na mchwa na unyevu wote huu. Nikipangusa vumbi huanzia hapo.

Juzuu hizo zinazuiwa zisianguke na mawe. Mwanza jiwe halinunuliwi. Unachagua lenye kitako bapa, kilo mbili au tatu, unalisugua kwa brashi, unalibandika kipande cha kandambili iliyokufa lisikwaruze mbao. Halafu nikagundua kuwa mawe madogo yana kazi nyingine. Tangu vitabu vionyeshe uso, watu wameanza kuviazima. Watoto wa jirani, dada wa duka la dawa, fundi mwenyewe aliyechukua riwaya ya upelelezi ya Elvis Musiba. Kila kitabu kinachotoka, jiwe linakaa mahali pake kwenye fito, na jina la aliyekichukua limeandikwa kwa chaki. Wiki hii kuna mawe matatu. Moja ni la mjomba, na chaki yake imeanza kufutika.