Programu huria zaelekea kiganjani: nani atalipa gharama?

Tarehe 30 Oktoba 2024, Thunderbird, programu ya barua pepe iliyotolewa bure kwa watumiaji wa kompyuta tangu mwaka 2004, ilipata rasmi toleo lake la simu za Android. Miaka 20 ni mingi katika soko ambalo watu wake walishahamia kwenye simu kitambo. Kuchelewa huko kunaonyesha gharama halisi ya kuiingiza programu huria kwenye simu, gharama ambayo miradi mingi bado haijapata wa kuilipa.

Kwa anayetazama kwa mbali, kazi yaonekana ndogo: msimbo uko wazi, yeyote aweza kuuchukua. Lakini programu ya kompyuta imejengwa kwa ajili ya kioo kipana, kipanya na umeme wa ukutani. Simu ina kioo kidogo, kidole, na betri ambayo mfumo huilinda kwa kuzima programu zinazofanya kazi chinichini. Krita, programu ya uchoraji inayosimamiwa na wakfu wa Uholanzi, ilipofika Android mwaka 2020 ilikuwa kwa ajili ya tableti na Chromebook tu, maana vitufe na paneli zake hazikuenea kwenye kioo cha simu.

Ndiyo maana Thunderbird haikuhamisha msimbo wake wa kompyuta. Mwezi Juni 2022 iliipokea K-9 Mail, programu huria iliyozaliwa kwenye Android mwaka 2008, ikamwajiri msimamizi wake, Christian Ketterer, na kujenga toleo jipya juu ya kazi hiyo. Fedha zilitoka kwa watumiaji wenyewe. MZLA Technologies, kampuni tanzu ya Mozilla Foundation inayoendesha mradi huo, ilipokea michango ya zaidi ya dola milioni 6.4 za Marekani mwaka 2022. Ni miradi michache yenye wafadhili wa kiwango hicho.

VLC, programu ya kuchezea video iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, ilikwama kwenye sheria. Iliingia katika duka la Apple mwaka 2010, na Januari 2011 ikaondolewa. Mmoja wa waandishi wake wakuu, Rémi Denis-Courmont, alikuwa amelalamika kwamba masharti ya duka yanapingana na leseni ya GPL, ambayo hairuhusu kumwongezea mtumiaji vizuizi. VideoLAN, shirika linaloendesha VLC, likalazimika kuwatafuta waandishi wa msimbo na kuomba ridhaa yao ili leseni ibadilishwe. VLC ilirejea kwenye iPhone Julai 2013. Mradi unaotaka kufika kwenye simu unapaswa kulimaliza suala la leseni mapema, kabla wachangiaji hawajatawanyika.

LibreOffice, programu huria ya ofisi, ilipita njia nyingine. Mwaka 2015 ilitoa programu ya Android ya kusomea nyaraka, lakini kazi kubwa ya kuziandika na kuzihariri kwenye simu imebebwa na Collabora, kampuni ya Uingereza. Programu yake ya simu hupatikana bure, na kampuni huingiza mapato kwa kuuza huduma na usaidizi kwa mashirika na serikali.

Gharama haziishii kwenye uzinduzi. Kwenye kompyuta, mtumiaji hupakua programu moja kwa moja kwa mwenye mradi. Kwenye simu, kampuni mbili zimeshika mlango. Apple hutoza dola 99 kwa mwaka, Google dola 25 mara moja tu. Ada hizo zinavumilika. Mzigo mkubwa ni kazi isiyokwisha. Google hudai programu ziendane na matoleo mapya ya Android, na iliyoachwa bila kusasishwa hufichwa kwa wenye simu mpya. Wanaojitolea baada ya saa za kazi huchoka. Duka huria la F-Droid, lililoanzishwa mwaka 2010, limekuwa mlango wa pembeni. Hata hivyo, Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba watengenezaji wanaosambaza programu nje ya duka lake nao watatakiwa kusajili utambulisho wao.

Suala hili linatugusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, ila ilikaa kwenye kifaa ambacho wengi hawakukimiliki. Leo katibu wa kikoba, mwalimu na fundi wana simu ya Android mkononi, na wengi wao hawajawahi kuwa na kompyuta. Uhuru wa programu unaoishia mezani hauwafikii.

Vyuo, benki, saccos na ofisi za serikali zinazotumia programu huria bila kulipa leseni zitenge sehemu ya fedha zinazookoa kwa mikataba ya matengenezo na kwa kuajiri vijana wetu wanaoandika msimbo, ili washiriki katika matoleo ya simu na kuyatafsiri kwa Kiswahili. Kampuni zinazouza usaidizi Ulaya zimeonyesha kwamba kazi hii inalipa. Tukiwaachia wengine waigharamie, wao ndio watakaoamua simu zetu zifanye nini, na kwa lugha ipi.