Kuhara Damu Kusikoisha: Si Kila Mara Ni Amiba

Hapa Kanyabayonga mtu akihara damu, jirani anasema: "Ni amiba hiyo, kanunue Flagyl." Mara nyingine jirani ana haki. Wazee hawajasahau kuhara damu kulikoua watu katika kambi za wakimbizi za Goma mwaka 1994. Lakini kijana wa machimbo akinywa dawa mara tatu, mara nne, na damu ingali inatoka, amekonda, tumbo linamuuma, basi tufikiri ugonjwa mwingine.

Kuko magonjwa mawili ambamo matumbo yanavimba na kuwa na vidonda miaka na miaka, wala si juu ya amiba: kolite ya vidonda, na ugonjwa wa Crohn, munganga wa New York aliyeandika habari zake mwaka 1932. Hayaambukizi. Yanatulia, kisha yanarudi. Na hatari yake haikai tumboni tu.

Kwanza, damu. Ugonjwa ukiwaka, damu inaganda upesi, zaidi mtu akikauka maji na kulala kitandani. Kwa wagonjwa hawa jambo hilo latokea mara mbili au tatu kuliko kwa wengine. Mguu mmoja unavimba, unauma, una joto. Watu wanasema amekanyaga dawa ya mulozi, wanaanza kuukanda. Musiukande! Donge la damu laweza kupanda mpaka mapafuni: kifua kinachoma, pumzi inakatika, na mtu anaweza kufa siku ile ile.

Pili, mishipa ya fahamu. Nyayo zinakufa ganzi au zinawaka kama pilipili. Ugonjwa wa Crohn hushika sana mwisho wa matumbo madogo, pahali mwili unapopokea vitamini B12. Ikikosekana, mishipa ya fahamu inaharibika. Sindano za B12 zinasaidia zikianza mapema. Tena Flagyl yenyewe, ikinywewa majuma mengi, yaweza kuleta ganzi hiyo. Dawa tuliyonunua ili tupone inatuongezea ugonjwa!

Wazazi, kuhara damu ni kazi ya munganga, si ya jirani. Choo kipimwe. Mwambieni munganga dawa zote mgonjwa amekwisha kunywa. Mguu mmoja ukivimba, musingoje kesho. Kuko dawa za kuzuia damu isigande. Tuombe, ndiyo, hata njiani kwenda hospitali. Lakini tusimtafute mulozi ndani ya mguu wa ndugu yetu.